Je, wajua kwa nini mgodi wa Senghenydd ulilipuka mara mbili?

Senghenydd ni kijiji kilichomo katika bonde la Aber, kusini mwa Wales, kilomita chache tu kutoka mji wa Caerphilly. Mgodi wake wa makaa ya mawe ulilipuka alfajiri ya Mei 24, 1901, wakafa watu 81. Ukalipuka tena asubuhi ya Oktoba 14, 1913, wakafa wachimbaji 439 na mwokoaji mmoja. Huo wa pili ndio uliobaki kuwa msiba mkubwa kuliko yote katika historia ya migodi ya Uingereza.

Milipuko migodini ilikuwa mingi zama hizo, kwa hiyo ule wa kwanza hauhitaji maelezo marefu. Kinachotaka jibu ni ule wa pili. Ilikuwaje shimo lilelile, ambalo wachunguzi walikwisha kulichunguza na kuandika kasoro zake, likaua tena miaka 12 baadaye, na mara hii likaua zaidi ya mara tano?

Jibu fupi ni vumbi. Jibu refu linaanzia kwenye makaa yenyewe.

Kabla ya mgodi, Senghenydd palikuwa na mashamba na kondoo. Uchimbaji wa mashimo ulianza 1891, na kufikia 1896 makaa yakaanza kutoka. Mashimo yalikuwa mawili, moja likiitwa Lancaster na jingine York, kila moja likishuka karibu mita 600. Makaa ya huko yalikuwa ya aina inayofaa stima: yana joto kali na moshi kidogo, na Jeshi la Wanamaji la Uingereza liliyathamini kupita mengine yote. Vijana walifika kutoka vijiji vya mbali, hata kaskazini mwa Wales, wakapanga vyumba kwenye nyumba za safu zilizojengwa haraka kandokando ya bonde. Ilikuwa enzi ya vita vya Makaburu, na wakubwa wa mgodi wakazipa sehemu za chini ya ardhi majina ya huko Afrika Kusini. Mtu wa Wales angeweza kuamka, kunywa chai, kisha kwenda kufanya kazi Mafeking au Pretoria, nusu kilomita na ushei chini ya kitanda chake.

Mgodi huu ulikuwa na mambo mawili mabaya kwa pamoja. Kwanza, ulitoa gesi nyingi ya methani, ambayo hukaa imefungwa ndani ya tabaka za makaa na kutoka mwamba unapovunjwa. Mnamo Oktoba 1910, kwa mfano, paa liliporomoka huko Mafeking, gesi ikamwagika kwa wingi hata watu wakalazimika kutolewa mgodini. Pili, ulikuwa mkavu na wa joto. Makaa yalipokatwa, yakapakiwa na kuvutwa kwenye vigari, yaliacha vumbi laini lililotua kila mahali: sakafuni, kwenye kuta, juu ya nguzo za mbao, kwenye kila mwanya wa paa.

Watu wengi hudhani gesi ndiyo muuaji mkuu. Gesi huanzisha tu. Bonge la makaa ni gumu kuwasha, kwa sababu hewa huligusa kwa nje peke yake. Lisage liwe unga, uutimue hewani, na kila chembe inazungukwa na oksijeni, hivyo zote zinaweza kuwaka karibu kwa wakati mmoja. Ndiyo maana hata vumbi la unga wa ngano limewahi kulipua vinu. Mgodini, mlipuko mdogo wa methani husukuma wimbi la hewa mbele yake. Wimbi hilo hutimua vumbi lililotulia, moto unaofuata nyuma hulikuta limekwisha kusambaa hewani, nalo huwaka na kusukuma wimbi jingine kubwa zaidi. Moto unakimbia hivyo kutoka njia hadi njia, mradi tu kuna vumbi la kuulisha.

Ukipita, unaacha kaboni monoksaidi. Ni hewa ileile inayoua watu waliolala chumbani na jiko la mkaa huku madirisha yamefungwa. Haina harufu wala rangi. Katika misiba ya aina hii wengi hawaguswi na moto kabisa, hewa hiyo ndiyo inayowamaliza pale walipo.

Haya yote yalijulikana. Baada ya mwaka 1901, wachunguzi walieleza kwamba vumbi ndilo lililoukuza mlipuko, na kwamba maji yaliyokuwa yakinyunyizwa kulituliza hayakutosha. Kulowanisha sakafu huku kuta na paa vimebaki vikavu hakusaidii kitu, maana vumbi la juu ndilo jepesi zaidi na ndilo linalotimka kwanza. Sheria ya migodi ya 1911 ikaongeza sharti jingine: feni za mgodi ziweze kugeuza mwelekeo wa hewa, ili moshi wa moto uweze kurudishwa badala ya kupelekwa kwa watu. Muda wa kutimiza sharti hilo ulisogezwa mbele hadi Septemba 1913. Oktoba ilipofika, Senghenydd kazi hiyo haikuwa imekamilika.

Siku yenyewe walikuwa chini watu wapatao 950. Muda mfupi baada ya saa mbili asubuhi mlipuko uliukumba upande wa magharibi, na nguvu yake ikapanda shimo la Lancaster ikarusha lifti hadi juu, ikamuua mfanyakazi aliyekuwa mlangoni pa shimo. Watu wa upande wa mashariki waliokolewa. Upande wa magharibi moto uliziba njia, na mabomba ya maji yalikuwa yamevunjika. Usiku wa manane ukishapita, waokoaji waliwakuta watu 18 wakiwa hai. Baada ya hao, magharibi hakutoka mwingine akiwa mzima. Wanane kati ya waliokufa walikuwa na umri wa miaka 14.

Kesi ilipofika mahakamani, meneja alitozwa faini ya pauni 24. Kampuni, baada ya rufaa, ilitozwa pauni 10. Gazeti moja la Merthyr lilichukua faini ya meneja, likaigawa kwa idadi ya marehemu, likapata shilingi moja na peni moja na robo kwa kila roho. Nimeisoma hesabu hiyo mara nyingi na bado naiona ni aibu isiyofutika.

Mgodi ulifungwa 1928. Leo shule ya msingi ya Nant-y-parc imesimama kwenye eneo lake, na tangu Oktoba 14, 2013, miaka 100 kamili baada ya msiba, hapo ndipo palipo na kumbukumbu ya kitaifa ya wachimba makaa wa Wales. Kuna sanamu ya mwokoaji akimshika mchimbaji mwenzake, ukuta wenye majina ya waliokufa katika milipuko yote miwili, na njia inayotaja misiba mingine ya migodi ya Wales. Naona ni sahihi kwamba majina ya 1901 na ya 1913 yamewekwa pamoja, kwa kuwa chanzo chao ni kimoja.

Ni nini kiliwasha gesi siku ile? Hakuna aliyethibitisha. Inawezekana ni mawe yaliyogongana paa lilipoanguka. Lakini wachunguzi walizitilia shaka zaidi kengele za umeme. Nyaya mbili zisizo na ganda zilipita sambamba kando ya reli, na mtu aliyetaka vigari visimame au viende alizigusanisha, kengele ikalia kwa mwendesha mashine. Kila mguso ulitoa cheche. Utafiti uliofuata ulipima ni cheche ya nguvu kiasi gani inayoweza kuwasha methani, ndipo mafundi wakaanza kuunda saketi zenye umeme mdogo kiasi kwamba hata zikitoa cheche haziwashi gesi. Migodini nako ikawa lazima kumwaga unga wa mawe juu ya vumbi la makaa, ili likitimuka lipoze moto badala ya kuulisha. Redio za mkononi zenye alama ya Ex, zinazotumika leo kwenye maghala ya mafuta na mitambo ya gesi, zimeundwa kwa kanuni hiyohiyo ya kengele.