Kikapu kikiwa tupu ukurasa wa pili, anza na namba ya sesheni

"Kaka, mfumo umenitupa nje tena." Hapa Mwanjelwa, Mbeya, simu za namna hiyo nazipokea sana. Ya karibuni ilitoka duka la pembejeo huko Uyole: mteja anachagua mbegu na mbolea, kikapu kinahesabu sawasawa, akifika ukurasa wa malipo anakuta sifuri. Kijana aliyeutengeneza alishaanza kuandika upya kodi (maandishi ya programu) ya kikapu. Nikamwambia aiache kwanza.

HTTP, njia ambayo kivinjari na seva huongea, haina kumbukumbu. Ombi la pili halijui kama kulikuwa na la kwanza. Ndiyo maana kuna sesheni: PHP, lugha iliyoandikiwa tovuti hiyo, huhifadhi data ya mteja kwenye faili la seva, kivinjari kikabaki na namba tu, ndani ya kuki (kipande kidogo cha data ambacho kivinjari hukirudisha kwa seva kila ombi) iitwayo PHPSESSID. Ni kama risiti ya mzigo uliouacha stendi ya Nane Nane: ukirudi na namba nyingine, mzigo wako upo ila huupati.

Kwa hiyo kwenye kurasa zote mbili weka `echo session_id();` chini ya `session_start();`, ufungue moja baada ya nyingine. (Ukimaliza ifute. Anayeiona namba hiyo anaweza kuingia kama wewe.)

Kule Uyole namba zilitofautiana. Mteja alikuwa anaingia kwa anwani isiyo na www, ila kiungo cha malipo kiliandikwa kwa anwani kamili yenye www. Usipotaja domeni, kuki hurudishwa kwa jina lile lile lililoitoa, basi. Kwa kivinjari hizo ni tovuti mbili. Tuliweka mistari michache kwenye .htaccess (faili la maagizo ya seva) ili kila anayeingia apelekwe kwenye jina moja, kikapu kikatulia bila kodi yake kuguswa. Dalili hiyo hiyo utaipata kuki ikiwekwa ya HTTPS (HTTP iliyofungwa kwa usalama) pekee huku ukurasa mmoja bado uko HTTP.

Namba isipotokea kabisa, `session_start()` haijaitwa, au kuna kitu kimetangulia kutumwa kwa kivinjari: nafasi tupu kabla ya `<?php`, au BOM (alama isiyoonekana mwanzoni mwa faili) iliyoachwa na kihariri. Hapo ndipo utamsikia aliyeandika kodi akisema "mbona kwangu inafanya kazi". Kwenye kompyuta yake output_buffering, yaani kushikilia matokeo kabla ya kuyatuma, imewashwa, hivyo kosa linafichika. Kwenye hosti, seva inayobeba tovuti, imezimwa.

Namba ikiwa ile ile na data haipo, kuki haina kosa, hamia kwenye seva. Angalia kama diski imejaa. Angalia tahajia, maana `Kikapu` na `kikapu` ni funguo mbili. Angalia kama baada ya `header('Location: ...')` kuna `exit`, la sivyo kodi ya chini inaendelea na inaweza kufuta ulichokihifadhi.

Wanaolalamika kwamba sesheni inakatika baada ya muda, mpangilio wa kawaida wa gc_maxlifetime (muda kabla data ya sesheni haijahesabiwa taka) ni sekunde 1440, yaani dakika 24. Kuongeza tarakimu hiyo mara nyingi hakusaidii kwenye hosti ya kuchangia, ambapo tovuti nyingi ziko seva moja: tovuti zikitumia folda moja la sesheni, yenye muda mfupi kuliko zote ndiyo itakayofagia mafaili ya wenzake. Tengeneza folda lako nje ya public_html (folda la kurasa zinazoonekana mtandaoni), ulielekeze kwa session.save_path, kisha ndipo uongeze muda.