Dawa kuisha zahanati si suala la fedha peke yake

Wengi wanaamini dawa zikiisha katika zahanati ya Kilolo au Rungwe, wilaya za milimani Tanzania, basi bajeti ni ndogo. Wakati mwingine ni kweli. Lakini fungua leja kwanza.

Tuseme amoksilini ilitoka vidonge 600 ndani ya siku 60, na kwa siku 20 kati ya hizo rafu ilikuwa tupu. Mganga mfawidhi akiandika 600 kwenye maombi ya MSD (Bohari ya Dawa ya serikali), amekosea: 600 kwa siku 40 ni 15 kwa siku, yaani mahitaji halisi ya siku 60 ni 900. Upungufu wa 300 ameuagiza mwenyewe, na kipindi kijacho utaonekana tena kama “matumizi ya kawaida”. Ongeza masika, barabara za milimani zinapoteleza na gari kuchelewa. Bila akiba ya tahadhari hesabu hiyo haihimili.

Kugundua hili ndiko utafiti wa sera, ingawa wengi huudhania kazi ya Dodoma tu. Tangu 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya, unaochangiwa na wafadhili, huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, hivyo kamati ya usimamizi ina la kuamua. Iulize siku za rafu tupu, si salio tu.