Usiniulize kama pai iko moto

"Iko moto, lakini?" Ndilo swali la kila anayeiona pai ya maembe kwenye kabati la kioo. Nikijibu kwamba imeshapoa, anasonya na kuagiza sambusa. Juzi mmoja kaniambia kabisa kuwa Mombasa hakuna pai ya matunda ya maana: kaitafuta kuanzia Nyali hadi Mji wa Kale, na kila anapoketi analetewa kipande kilicholowa. Nikamuuliza kama huwa anaomba apashiwe. "Sasa ami, nile baridi?"

Haya, tuandike tumalize.

Naelewa tabia hii ilikotoka. Bhajia, mahamri, viazi karai, vyote tunavila vikitoka mafutani, na kilichopoa tunakishuku kuwa kimelala. Pai ya nyama nayo ina haki ya kupashwa, maana mafuta yake yakiganda hailiki. Ya matunda ni habari nyingine: ikitoka ovenini bado haijawa tayari.

Maji ya embe hushikwa na wanga, uwe wa mahindi au wa muhogo. Ndani ya oveni chembe za wanga hunywa maji na kuvimba, lakini rojo bado ni jepesi. Hushikana joto likishuka. Asiyeamini atazame uji uliosahaulika sufuriani: ukiwa moto unamiminika, ukipoa kijiko kinasimama. Sasa wewe unakata pai ya moto, rojo linatiririka, nusu linabaki sahanini, nusu linazama kwenye ganda la chini. Kisha unamlaumu mpishi, au hewa ya Pwani, maskini. Pai ya sentimita 23 inataka saa tatu au nne juu ya waya, hewa ipite chini yake. Hakuna njia ya mkato. Nimeona watu wakiipepea.

Halafu maikrowevu. Wallahi nikipewa nafasi ningeipiga marufuku mikahawani. Hupasha zaidi palipo na maji, na maji yako kwenye matunda. Mvuke unaingia kwenye ganda, siagi inayeyuka, na kilichokuwa kikivunjika mdomoni sasa kinavutika. Rojo nalo linalegea upya. Kazi ya asubuhi nzima inaharibiwa kwa sekunde 40, tena kwa ombi la mteja mwenyewe. Kama huna budi, oveni ya nyuzi 175 kwa dakika kumi na tano, kisha uiache itulie kabla ya kukata.

Ganda silirefushi: siagi baridi, maji ya barafu, mikono myepesi. Siagi huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 32, na jiko la Februari hufika hapo kabla hujawasha kitu, kwa hiyo unga wangu nauchanganya alfajiri. Wanaotia Kimbo sigombani nao, inastahimili joto kuliko siagi, ila ladha wataijibia wenyewe. Trei ya bati, rafu ya chini, na usitoe mpaka rojo lichemke katikati, si pembeni tu.

Embe, nachukua Ngowe, maana halina nyuzi za kukwama menoni. Liwe limekomaa ila bado linabisha kidole. Lililolainika lina sukari tele, uchachu umekwisha, na ovenini linageuka uji wa mtoto. Hapo ndimu ni lazima. Msimu wetu ni kama Novemba hadi Machi. Nje ya hapo agiza ya nanasi. Maepuli mengi ya hapa husafiri kutoka Afrika Kusini, na bei inakueleza hivyo.

Palipo na mashaka ni kwenye kuhifadhi. Vitabu husema pai ya matunda hukaa mezani siku mbili bila neno. Vingi vimeandikwa kwenye nchi za baridi. Hapa ganda hunywa unyevu wa hewa hata ukilifunika, na pai ikikaa wazi wadudu nao wana hamu. Friji haiokoi: ganda huchakaa upesi zaidi humo, na harufu ya embe hufifia kwa baridi. Mimi huuza siku ile ile, iliyobaki huila nyumbani kwangu. Mvua za Mei zikishika, hata ya siku ile ile sina uhakika nayo ikifika magharibi. Ya mayai na maziwa haina mjadala, friji moja kwa moja.

Kwa hiyo wewe unayezunguka mji, nenda alasiri, saa tisa au kumi. Kabla ya kuagiza, chungulia trei: palipokatwa pasimame, na pasiwe na kidimbwi. Uliza imeokwa lini, ule kama ilivyo. Saa tatu asubuhi usijisumbue, utapewa ama ya moto ama ya jana.