Derbyshire: Mpaka Uliolindwa na Mpaka Uliovukwa

Mwaka 1665 mshonaji mmoja wa Eyam, kijiji cha kaunti ya Derbyshire, Uingereza, aliletewa robota la vitambaa kutoka London, jiji lililokuwa likizika maelfu kwa tauni. Inasimuliwa kwamba vitambaa vilikuwa vimelowa, na msaidizi wake, George Viccars, akavianika mbele ya moto. Viroboto walikuwa wamekuja navyo. Tarehe 7 Septemba Viccars alizikwa.

Baridi ilipunguza vifo, lakini Juni 1666 vilianza kupanda tena, na wengi walitaka kukimbia. Kasisi William Mompesson, kijana wa miaka 28, aliwaomba wasitoke, wasije wakaueneza ugonjwa vijiji vya jirani. Yeye alikuwa mgeni pale, hakuwa amezoeleka. Aliyewaaminisha watu ni Thomas Stanley, kasisi wa zamani aliyekuwa ameondolewa kwa sababu ya msimamo wake wa dini. Wawili hao waliweka tofauti zao kando, wakasimama pamoja. Sisi tunaoelimisha umma kuhusu karantini tunapaswa kumkumbuka sana Stanley, kwa kuwa amri pekee isingewazuia watu wale.

Chakula kiliachwa mpakani. Wanakijiji walilipa kwa sarafu walizoziweka katika vishimo vya jiwe vilivyojazwa siki. Ibada zilihamia bondeni, familia zikiketi mbalimbali, na kila nyumba ikazika wafu wake. Mwezi wa Agosti Elizabeth Hancock alimzika mume na watoto sita ndani ya siku nane, peke yake. Catherine, mke wa Mompesson, naye alifariki mwezi huohuo. Tauni ilipokoma Novemba, kwa hesabu ya jadi watu 260 walikuwa wamekufa. Vijiji vya jirani vilisalimika.

Kaunti hiyohiyo ina mpaka mwingine, huu ulivukwa kwa makusudi. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi kutoka Manchester, walipanda mlima wa Kinder Scout, ambao wenye ardhi waliufunga ili wawinde ndege. Walikabiliana na walinzi, na vijana watano wakafungwa jela, akiwemo kiongozi wao Benny Rothman, mwenye miaka 20. Hukumu hizo ziliwakasirisha wengi na kuipa nguvu hoja ya haki ya kutembea milimani.

Mwaka 1951 eneo la Peak District likawa hifadhi ya taifa ya kwanza ya Uingereza. Kinder Scout imo ndani yake, na Eyam pia. Leo yeyote anaweza kutembea kwa miguu hadi kwenye jiwe lile lenye vishimo.