Anwani si sanduku la posta

Karani wa duka moja hapa Mombasa aliniuliza anwani yangu ili niletewe mzigo. Nilipomtajia Kibokoni, mlango wa tatu baada ya duka la halua, alinijibu kwa adabu, "Hiyo ni njia ya kufika kwako, mzee. Mimi nataka anwani, yaani sanduku la posta." Nimelisikia hilo mara nyingi mno.

Anwani ni maelezo yanayomtambulisha mtu na mahali anapopatikana. Sanduku la posta ni kijumba cha chuma cha kukodi, chenye nambari na ufunguo.

Neno lenyewe ni la Kiarabu, unwan, na maana yake ni maandishi ya juu ya kitu yanayokitambulisha: juu ya kitabu huwa jina la kitabu, juu ya barua huwa jina la mpelekewa. Ndiyo maana mwalimu anayesema "anwani ya shairi" hakosei hata kidogo. Wazee wetu walioandika nyaraka kwa hati za Kiarabu hawakuwa na nambari yoyote. Waliandika "ila janabi sheikh" fulani, yaani kwa mheshimiwa sheikh fulani, wakautaja mji, Siyu au Pate, wakamkabidhi nahodha, na waraka wa kwenda kaskazini ukangoja upepo wa kusi. Nahodha alipotia nanga aliulizia watu, kwa kuwa anwani ilikuwa ni mtu kwanza, mahali baadaye.

Posta za kizungu zilikuja mwishoni. Wajerumani walifungua ya kwao Lamu mwaka 1888, na mwaka 1890 kampuni ya Waingereza iliyokuwa imeikodi pwani kwa Sultani wa Unguja ikafungua zake Mombasa na Lamu. Hata hivyo, posta ilifika mjini bila kufika mlangoni. Mwenye uwezo alikodi sanduku. Asiye nao aliandikiwa kupitia la shule au la mwajiri wake, na hapo ndipo sanduku lilipolimeza neno anwani. Nambari ya posta 80500 huiambia barua ishukie Lamu, lakini haisemi lolote kuhusu mashua ya kuivusha hadi Pate wala kuhusu atakayeipokea gatini.

Karani asinielewe vibaya: sanduku ninalo, na fomu ikiuliza S.L.P. nitaijaza. Ila akiuliza anwani, hasa akiwa anamtuma kijana wa pikipiki, naomba aandike jina langu, kisha Kibokoni, mlango wa tatu baada ya duka la halua.