Shaba kwenye maji ya kunywa: kitambuzi huona nini?

Si tunaambiwa mwili unahitaji shaba? Ya nini kuipima?
Unaihitaji, ila kidogo mno: mtu mzima hutosheka na takriban mikrogramu 900 kwa siku. Ikizidi kwenye maji huleta kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma na kuhara. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 2 kwa lita. Wenye ugonjwa wa Wilson, ambao ni wa kurithi, wanapaswa kujihadhari zaidi, maana ini lao hushindwa kuitoa shaba ya ziada.

Huingiaje majini?
Mara nyingi hutoka kwenye mabomba ya shaba yenyewe, hasa maji yenye asidi yakilala humo usiku kucha.

Kitambuzi hufanyaje kazi?
Ni kifaa cha kuigundua shaba. Ndani ya kile cha rangi mna molekuli yenye nafasi ya kuinasa ioni ya shaba, yaani chembe ya shaba yenye chaji ya umeme iliyoyeyuka majini. Ikishanasa, kitu kinachoonekana hubadilika. Mwaka 1997 wanakemia walieleza molekuli iliyotengenezwa kutokana na rangi ya rodamini: peke yake haina rangi, lakini ikikutana na ioni za shaba, pete moja ndani yake hufunguka na kimiminika kikawa cha waridi chenye kung'aa. Nyingine huenda kinyume: hung'aa zenyewe, shaba ikizishika hufifia. Mimi naziamini zaidi zinazowaka zikikutana na shaba, kwani mwanga unaweza kufifia kwa sababu tele, hata maji kuwa na tope tu.

Kuna pia kitambuzi cha aina nyingine, elektrodi, kijiti kinachotumbukizwa majini: hakina habari na rangi; husoma umeme. Ioni za shaba zikiongezeka mara kumi, kipimo hupanda kwa milivolti 29 au 30 hivi.

Vinaweza kudanganya?
Tena sana. Zebaki au chuma huweza kuingilia na kutoa jibu la uongo. Tatizo kubwa zaidi, ambalo maelezo ya pakiti hayalitaji kila mara, ni kwamba vingi huona ioni zilizo huru tu. Shaba iliyokwisha kushikana na mabaki ya mimea, au iliyo ndani ya chembechembe, haionekani. Ndiyo maana maabara hutia asidi kwenye sampuli kwanza ili shaba yote iachie. Kwa hiyo kikaratasi cha kupimia kisipobadilika rangi, usikate shauri kwamba maji hayana shaba.

Nichote maji saa ngapi?
Alfajiri, kabla mtu yeyote hajafungua bomba. Kisha yaache yatiririke dakika chache, uchote tena. Sampuli ya kwanza ikizidi ya pili kwa mbali, shaka iangukie mabomba ya ndani ya nyumba.

Nikiyachemsha?
Maji hupungua kwa mvuke, shaba hubaki palepale.

Kipimo hichohicho kitanionyesha risasi?
Hapana. Risasi nayo hutoka kwenye mabomba na viungio vyake, na kikomo chake ni kidogo zaidi: mikrogramu 10 kwa lita. Iombee kipimo chake maabara.