Dominica, Kisiwa Kilicholindwa na Milima Yake

Ninapofundisha jiografia ya visiwa vya Karibi huanza na Dominica, na kwanza hulazimika kuitofautisha na Jamhuri ya Dominika, ambayo ni nchi nyingine kabisa. Hii yangu ina kilomita za mraba 750 hivi na watu wapatao 70,000. Tambarare karibu haina. Ukilielewa hilo, umeshaelewa nusu ya historia yake.

Mashariki ya visiwa hivi, sakafu ya bahari ya Atlantiki huzama chini ya bamba la Karibi, yaani kipande kikubwa cha ganda la dunia kinachobeba eneo hili, na miamba iliyoyeyuka hupanda juu. Dominica peke yake ina volkano tisa zinazoweza kulipuka. Mlima Morne Diablotins una urefu wa mita 1,447. Upande wa kusini, katika hifadhi ya Morne Trois Pitons iliyotangazwa Urithi wa Dunia mwaka 1997, lipo ziwa la Boiling Lake. Upana wake ni mita 60 hivi, na kwa hakika ni tundu la volkano lililojaa maji. Mvuke na gesi kutoka chini ndivyo huyachemsha.

Milima hiyo ndiyo iliyowazuia wakoloni waliotaka kulima miwa, maana miwa hutaka ardhi tambarare. Barbados ilifyekwa karibu yote. Hapa mabwana wa mashamba waligota kwenye miteremko. Mwaka 1748 Waingereza na Wafaransa walikubaliana hata kuwaachia kisiwa wenyeji wake, Wakalinago. Ahadi hiyo haikudumu, na mwaka 1763 Waingereza wakakabidhiwa kisiwa rasmi. Lakini msitu ulibaki, na watumwa watoro wakapanda kuishi humo. Walijenga vijiji, wakalima, wakapigana. Kiongozi wao mmoja, Jacko, alikaa milimani zaidi ya miaka 40 hadi alipouawa mwaka 1814, gavana Ainslie alipoamuru watoro wasakwe. Ngazi walizozichonga kwenye genge bado zipo, vidato vyake virefu kiasi kwamba askari mwenye bunduki hawezi kuzipanda mbio. Kwangu mimi hakuna ngome ya kikoloni katika Karibi nzima inayostahili heshima kuliko ngazi hizo.

Wakalinago nao hawakufutika. Mwaka 1903 walitengewa ardhi yao pwani ya mashariki, na mwaka 2023 Sylvanie Burton, Mkalinago, alichaguliwa kuwa rais, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo. Kabla yake, miaka miwili tu baada ya uhuru wa 1978, Eugenia Charles alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu katika nchi za Karibi zinazozungumza Kiingereza.

Milima hiyohiyo huua pia. Kimbunga Maria kilipopiga Septemba 2017, miteremko iliporomoka juu ya nyumba, na hasara ilizidi mara mbili ya pato la taifa la mwaka mzima. Miaka saba baadaye, mjini Paris, mwanariadha Thea LaFond aliruka mita 15.02 katika miruko mitatu akaipatia Dominica medali yake ya kwanza ya Olimpiki, nayo ilikuwa ya dhahabu.